Nilivyokuwa Posta ya Nyumba Yetu

Jumapili, tarehe 8 Mei, 1988. Mvua ilianza kabla ya mapambazuko, ikakatika watu wakianza kwenda kanisani. Matope mpaka kwenye vifundo vya miguu, na upepo wa baridi unashuka kutoka upande wa Meru.

Ndugu zangu, Bwana asifiwe na kila aliyekuwa kanisani leo, na asifiwe hata na yule aliyezuiliwa na matope! Mimi ni Kinya, binti wa hapa Bulapesa, Isiolo. Wengi mnanijua kwa sauti kwa sababu naimba kwaya, mstari wa mbele, na kuna wanaosema naimba kwa nguvu kupita kiasi. Ni kweli. Lakini mkishasoma haya labda mtanivumilia.

Leo nilisimama kutoa ushuhuda, na sikuutoa vizuri. Nikiona macho mengi ulimi wangu unakimbia, nikaruka mambo, nikaanzia katikati. Mchungaji akaniambia niende nyumbani niandike polepole, isomwe na wale hawakuwepo. Basi naandika. Niliishia darasa la saba, mkiona kosa mnisamehe. Na kwa vile ushuhuda huu si wangu peke yangu, nimewauliza kwanza baba, mama na nyanya kama naweza kuwataja. Wote wamekubali. Nyanya aliweka sharti moja: niandike pia kwamba yeye bado anaamini kilimi kingekatwa mambo yangeisha mapema. Nimeandika, nyanya.

Ndugu zangu, katika mwaka wa 1976 mimi nilikuwa bubu. Sikuzaliwa bubu, nilikuwa mtoto wa maneno mengi sana. Nataka mjue nilivyofika huko, na jinsi Mungu alivyonitoa.

Nyumba yetu ilikuwa ya watu wanne. Baba alikuwa na kazi ya mifugo ya serikali, ya kuchanja ng'ombe, na alikuwa mtu wa kutoka asubuhi na kurudi jioni na harufu ya dawa. Mama alikuwa anauza mboga. Mimi nilikuwa mtoto wa pekee. Na kulikuwa na nyanya, mamake mama, aliyeshuka kutoka Meru babu alipofariki, kwa sababu hakuwa na mtoto wa kiume wa kukaa naye.

Sasa wale ni Wameru mtaelewa haraka, na wengine nitawaeleza. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake wana kitu kinaitwa nthoni. Ni heshima, lakini ni heshima yenye kuona haya. Hawaketi karibu, hawatazamani usoni, hawaongei bila sababu. Siku za zamani hiyo haikuwa shida kwa sababu kila mtu alikuwa na boma lake, na kama kuna neno lilipelekwa na mtu mzima. Lakini nyanya alikuja kukaa kwenye nyumba ya mabati ya vyumba vitatu, ukikohoa chumba kimoja unasikika vyote! Baba hakutaka kumkosea mama mkwe. Nyanya hakutaka kumkosea mkwe. Wote wawili walikuwa watu wazuri wanaofanya lililo sawa. Nasema hivyo bila kumpendelea mtu.

Basi wakatafuta njia, na njia ilikuwa mimi.

"Kinya, mwambie nyanya yako maji ya kuoga yako tayari."

"Kinya, mwambie baba yako ule mlango unalia, autie mafuta."

Mwanzoni niliona raha. Nilijiona mtu mkubwa. Nilikuwa naruka kutoka chumba hiki kwenda kile kama mtu anayelipwa. Lakini mama naye akaiga. Yeye hakuwa na nthoni na baba, alikuwa mke wake, lakini wakikosana aliona njia iko tayari na imefagiliwa. "Kinya, mwambie baba yako chakula kiko mezani." Na baba yuko pale pale, mkono wake umegusa meza! Baba naye: "Mwambie mama yako nimeshiba." Mwisho hata bila kukosana walikuwa wanapitia kwangu, kwa mazoea tu.

Mama Halima, Mborana aliyekuwa anatuletea maziwa kila asubuhi, siku moja alisimama mlangoni akasikiliza, akaweka kibuyu chake chini akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Wallahi, hii nyumba iko na posta. Lakini posta moja tu! Sasa hiyo posta ikifunga, nyinyi mtafanya nini?"

Sisi tukacheka naye. Hatukujua Mungu ameshasema na sisi.

Ndugu zangu, maneno yana uzito. Neno la mlango unaolia ni jepesi, mtoto analibeba. Lakini watu wazima hawabaki kwenye mlango. Wakaanza kunipa mazito. "Mwambie baba yako mimi sikuja hapa kuomba chakula." "Mwambie nyanya yako hakuna aliyesema hivyo." "Mwambie baba yako nimesikia alivyosema, na mimi nimenyamaza tu." Nikifikisha neno na likichukiwa, mimi ndiye naangaliwa vibaya. Nyanya alikuwa anasema, "Umelileta hivyo kwa sura hiyo?" Baba alikuwa anasema, "Hukusema vizuri wewe." Kila mmoja aliamini neno lake lilitoka likiwa zuri, likaharibika njiani. Na njia ni mimi. Nikawa nasimama kwanza kwenye ukumbi, kati ya milango, nafanya mazoezi ya sauti gani nitumie.

Halafu ikaja jioni moja ya kiangazi. Baba alirudi, hakuvua viatu. Aliniita akasema, bila kunitazama, "Kinya, mwambie nyanya yako itabidi arudi Meru."

Nilikwenda. Nilipita ukumbi nikafika mlangoni kwa nyanya. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye uteo, akaniangalia akatabasamu, akasema, "Eh, mama, umetumwa nini tena?" Nyanya alikuwa ananiita mama kwa kunipenda. Nikafungua mdomo. Ndugu zangu, neno halikutoka. Si kwamba nilikataa. Nilisukuma kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa kwa ndani. Nikarudi kwa baba kumwambia imeshindikana, na hilo nalo halikutoka. Nikaenda kwa mama. Nikalia, na hata kilio kilikuwa cha pumzi tu bila sauti.

Sijui ulikuwa ugonjwa gani. Sitaki kusema kitu sijui. Najua tu kwamba kutoka jioni hiyo sikusema neno, na siku zikawa wiki, na mahindi ya majirani yakakauka na kuvunwa mimi bado kimya. Shuleni mwalimu aliniweka nyuma. Wasichana wakaniita Ukuta. Na ile habari ya Meru ilibaki tumboni mwangu. Nyanya hakujua. Baba alidhani nimeshamwambia, akaona nyanya hafungi mizigo, akachukia. Nyanya akaona mkwe amechukia bila sababu, naye akachukia. Mama akawa katikati ya hasira mbili na haijui hata moja.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo hatari ilipokuwa, na leo kanisani niliparuka. Wote watatu walitaka nipone. Kila mmoja alijua dawa yangu. Nyanya aliona ni kilimi, kile kinyama kidogo kinachoning'inia kooni, kimekuwa kirefu kimeziba sauti, kikatwe. Baba aliona ni hospitali. Mama aliona ni pepo bubu, niombewe. Na hawakuweza kuulizana, kwa sababu wa kubeba swali ndiye mgonjwa! Nyanya alijaribu kumtuma Mama Halima kwa baba. Mama Halima akasema, "Mimi nauza maziwa, mama. Maziwa yangu haimwagiki njiani. Maneno yenu inamwagika." Akaenda zake.

Basi kila mmoja akapanga kivyake. Na Mungu ninayemtumikia, sijui niseme alicheka au alihurumia, akawapangia wote siku moja.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimekaa uani juu ya kopo la mafuta lililopinduliwa. Kwanza akaja mama mmoja mzee na mfuko wa kitambaa, na ndani ya mfuko wembe na majivu. Ni nyanya aliyemwita. Hakuwa mtu mbaya, amekata watoto wengi na alikuwa na huruma, alinipapasa shavu. Lakini niliona wembe. Kisha gari la kazi la baba likasimama nje, dereva anapiga honi, baba anatoka amevaa shati la safari: "Kinya, ingia gari." Na kabla sijainuka tukasikia nyimbo. Akina mama wa maombi, wamefunga vitambaa vyeupe, wanaingia kwa makofi, na mama yangu mbele yao.

Nyanya akanishika mkono wa kulia. Baba wa kushoto. Mama akanishika kichwa, tayari kwa maombi. Ndugu zangu, nilivutwa! Sikuwa na sauti ya kusema naumia. Na hakuna aliyesema na mwenzake. Kila mmoja alikuwa ananiambia mimi. "Kinya, hawajui wanachofanya." "Kinya, njoo." "Kinya, piga magoti."

Aliyeongoza akina mama wa maombi alikuwa Mama Esta. Wengi wenu mnamjua, ni yule anayefuma sweta hata kwenye joto la Februari. Aliinua mkono, nyimbo zikanyamaza. Akasema, "Mwachieni mtoto." Wakaniachia. Akaniketisha nyuma yake, mgongo wake ukanifunika, akatoa sindano zake na uzi akaketi.

"Mimi siombei kitu sikijui," akasema. "Huyu mtoto leo anakwenda wapi? Amueni nyinyi watatu. Mimi nitakaa hapa, sisemi, naangalia tu."

"Mama Esta, jambo hili ni la maombi—" mama akaanza.

"Usiniambie mimi. Ambia wenzako."

Dereva akapiga honi tena, mmoja wa akina mama akaenda kumwambia azime gari. Kisha baba akakohoa, akatazama juu ya bega la Mama Esta akitafuta macho yangu, akasema, "Kinya, mwambie mama yako kwamba..."

Na nyanya, wakati huo huo: "Kinya, mwambie baba yako..."

Hapo Mama Esta akaweka sindano chini. Hakukasirika. Akasema polepole, "Mmejiona? Mtoto hana sauti, na bado mnampa mzigo. Nimeketi hapa, na hakuna hata mmoja wenu amemtazama mwenzake. Wote mnamtazama yeye. Labda pepo liko, sijui. Lakini mzigo nauona kwa macho yangu."

Mama yangu akakaa chini kwenye vumbi na nguo yake nyeupe.

Baba akasema kwa heshima, akitazama ardhi, "Mama Esta, mimi siwezi kuongea na mama mkwe hivi tu uani. Ni nthoni. Unajua."

"Najua. Mimi pia ni Mmeru." Akaangalia huku na huku. Kamba ya nguo ilikuwa imefungwa kutoka kona ya nyumba mpaka mti wa mgunga, na shuka ya nyanya ya bluu ilikuwa imeanikwa. Mama Esta akaivuta, akaitandaza vizuri juu ya kamba mpaka ikagusa chini. Akamweka nyanya upande ule na kigoda, baba upande huu. "Haya. Heshima hiyo hapo, imetundikwa. Hamuonani. Sasa semeni."

Mtaniuliza, kitambaa kinaweza kusaidia nini? Hata mimi sijui kueleza. Lakini nilikuwepo. Baba aligusa ile shuka kama mtu anayebisha hodi, akasema, "Mama."

Kutoka upande wa pili nyanya akaitika, "Ee, mwanangu."

Nilikuwa sijawahi kusikia wakiitana! Nywele zilinisimama.

Baba akasema, "Mama, kwa nini hujafunga mizigo?"

"Mizigo ya kwenda wapi?"

"Meru. Nilimtuma Kinya."

Nyanya akasema, "Kinya hakuniambia. Alisimama mlangoni akafungua mdomo tu." Na nikaona wote watatu, hata yule aliyekuwa nyuma ya shuka, wanaelewa neno lililokuwa kooni kwangu ni lipi. Mama alishika mdomo wake kwa mikono miwili.

"Umenifukuza," nyanya akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hapana, mama. Nimehamishwa. Wananipeleka Sericho." Baba alikuwa anaongea haraka sasa. "Kule ni mbali, maji ni ya shida, ni safari ya gari la mizigo juani mchana kutwa. Nilisema mke wangu na mtoto watavumilia, lakini wewe nitakuzika huko. Nikaona bora urudi Meru penye mvua."

"Sericho?" Huyo alikuwa mama, kutoka kwenye vumbi. "Tunahamia Sericho na mimi sijui?"

"Ningekwambia vipi? Ningempa mtoto habari kama hiyo aibebe?"

"Ungenipa mimi! Mimi ni mke wako, Baba Kinya, si ofisi!"

Akina mama wa maombi wakasema amina, sijui kwa nini. Na nyanya nyuma ya shuka akauliza, "Kwa hivyo hukuchoka na mimi?"

Baba alikuwa mtu wa kusema kweli, hata leo yuko hivyo. Alifikiri kidogo. "Umenichosha kidogo, mama. Hasa ule mlango."

Ndugu zangu, nyanya alicheka. Alicheka mpaka shuka ikatikisika. Mama akacheka akilia. Na nyuma ya mgongo wa Mama Esta kukatoka kicheko kingine, kikavu, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Kilikuwa changu. Kilikuwa na sauti! Haleluya! Mama Esta hakugeuka. Aliokota sindano zake akaendelea kufuma, lakini niliona mabega yake yanatetemeka.

Wakaamua pale pale, wenyewe, kwa kupitisha maneno juu ya kamba. Ilichukua muda, na si kwamba hawakupandishiana sauti. Baba aende Sericho peke yake, awe anakuja mwisho wa mwezi. Mama na nyanya na mimi tubaki Isiolo. Mimi niende hospitali kwa lile gari, na akina mama waniombee kabla halijaondoka. Kilimi kisikatwe. Hilo nyanya alilipinga, lakini akakubali kushindwa, na yule mzee wa wembe akapewa chai na mkate akarudi kwake bila kinyongo. Hospitali walinimulika kooni wakasema hawaoni kitu.

Sauti ya maneno haikurudi siku hiyo. Nasema kweli nisije nikamwongezea Mungu vitu hakufanya. Ilirudi kabla baba hajasafiri, asubuhi, wakati wa chai. Mama alikuwa jikoni, mazoea yakamshika, akasema bila kufikiri, "Kinya, mwambie baba yako chai iko tayari."

Nikasema, "Mwambie mwenyewe."

Sufuria ilianguka. Siku nyingine yoyote ningepigwa kofi kwa kumjibu mama hivyo, na lingekuwa kofi la haki. Mama alinitazama, akafuta mikono, akaenda mpaka mlangoni akasema, "Baba Kinya, chai iko tayari." Kisha akaketi pale kizingitini akalia kwa sauti, na baba akatoka akaketi karibu naye, na ile chai ikapoa.

Ndugu zangu, huo ndio ukombozi wangu. Wengine mmetolewa kwenye pombe, wengine kwenye uchawi, na nikiwasikia naona changu ni kidogo. Nimeuliza moyo wangu mara nyingi kama kinastahili kusemwa kanisani. Lakini siku hizi Mama Esta ananichukua tukitembelea nyumba zenye shida, nami nimeona. Anafanya vile vile: anawapa jambo la kuamua, ananyamaza, anafuma. Mimi nakaa pembeni naangalia. Nani anamtazama nani. Nani akianza kusema anakatizwa. Ni mtoto gani anageukiwa na wote. Sina uhakika kila mara kama nimeona sawa, Mama Esta pia hana. Lakini nyumba zenye posta ni nyingi hapa mjini, ndugu zangu, kuliko mnavyodhani! Na zile posta ni watoto.

Basi nawaomba. Neno lako lichukue kwa mikono yako. Likiwa na haya, tundika shuka, lakini liseme mwenyewe. Na kwa Mungu pia usitume mtu. Usingoje mchungaji, usingoje kwaya, usinitume mimi. Mwite kama baba alivyoita pale kwenye kamba, "Baba," naye ataitika, kwa sababu alikuwa upande wa pili wakati wote. Mtumaini. Mimi nilikuwa bubu na leo naimba kupita kiasi.

Jioni hii tumekula githeri ya mahindi mabichi na maharagwe, na maziwa ya Mama Halima. Baba amekula mezani na mama na mimi, nyanya chumbani kwake kama kawaida, maana nthoni bado iko na hakuna aliyetaka kuiondoa. Ile shuka ya bluu imefifia, sasa ni pazia la mlango wake. Chumvi ilikuwa kwa nyanya. Baba alionja, akaniangalia mimi, nami nikaangalia sahani yangu.

"Mama," baba akasema, "tuletee chumvi."

Na mkono wa nyanya ukatokea chini ya pazia, na chumvi.